Usiombe Tena Kuuona Mguu wa Mama

Nyumbani, Matinyani,
Kitui.
Alhamisi, 11 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Ben,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa kila anayepita hapa nyumbani akiuliza habari zako, na wanapita wengi kuliko ninavyotaka, kama utakavyoona nikiendelea. Hujambo wewe? Wanjiro hajambo? Na binti yenu, kile kifua kilichokuwa kikimsumbua kimemwacha? Nasikia baridi ya huko Leeds huanza mapema. Mfunikeni vizuri huyo mtoto, msimwachie mambo ya vinguo vyepesi kwa sababu tu vinapendeza kwenye picha. Na wale wazee unaowatunza kazini, hawajambo? Wasalimie, ingawa hawanijui.

Sisi huku tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mwezi huu ni vumbi na upepo, upepo na vumbi. Ukianika nguo nyeupe unaanua za kahawia. Watu wameanza kutayarisha mashamba wakingoja mvua, na mama akitazama shamba letu anaugua zaidi kuliko ugonjwa wenyewe. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, wote majike. Cherehani yangu kule sokoni nimeifunika shuka na wateja wangu wamehamia kwa fundi wa jirani, ambaye anawashonea suruali zenye miguu isiyolingana. Basi, hayo mazuri nimeyamaliza.

Sasa nikujibu. Jana niliwasha simu mara moja, nikasoma meseji zako zote, nikaizima tena. Umeandika kwenye grupu ya familia, mbele ya binamu na mashangazi, ukiuliza Mutindi anaficha nini. Umeandika kwamba nimemfungia mama nyumbani kama mahabusu. Ben, simu yangu haijaibiwa wala haijaharibika. Nimeizima kwa mkono wangu. Ya mama pia nimeizima na kuifungia. Barua hii namkabidhi Musyimi, mtoto wa mwalimu, kwa sababu anarudi huko kesho baada ya harusi ya dada yake, na ameahidi kukufikishia kabla ya Jumapili. Nimechagua karatasi kwa sababu karatasi haina kamera. Na kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika katikati.

Kabla hujaanza kutetemeka, mama yuko hai, mguu wake upo, na leo asubuhi amenirudishia uji akisema nimeupika kama maji ya kuoshea vyombo. Kaa chini. Nitakueleza tangu mwanzo, na safari hii utanisikiliza mpaka mwisho.

Unakumbuka ule uvimbe chini ya goti lake la kushoto, ule alioubeba miaka yote akisema ni mafuta tu. Ulipoanza kumsugua kila akipiga magoti kanisani, nilimpeleka hospitali kule mjini Kitui. Daktari akaushika, akasema kweli ni mafuta tu, utolewe, ni kazi ndogo ya sindano ya ganzi. Na kweli ilikuwa ndogo. Mama aliingia kwa miguu yake akatoka kwa miguu yake, akalalamika tu kwamba sindano ilikuwa baridi. Alishonwa vizuri, mstari umenyooka, na mimi nashona, najua mshono nikiuona. Hata nilimwambia daktari hivyo, akacheka.

Wasiwasi wa daktari haukuwa upasuaji. Wasiwasi wake ulikuwa sukari ya mama, na mahali penyewe. Mguu hupona polepole, na mwenye sukari hupona polepole zaidi. Alituambia kazi yake imekwisha na yetu ndiyo inaanza, tena yetu ni rahisi: kidonda tukiache. Bendeji ibaki imefungwa na kavu mpaka siku ya kubadilishwa na Sista Eunice hapa dispensari yetu. Asiiguse mtu mwingine, na akilazimika kuigusa aoshe mikono kwa sabuni kwanza. Mama ameze dawa zake za sukari, akae, ainue mguu, asiende shambani wala zizini. Tukiona wekundu unaotambaa, joto, uvimbe, usaha, harufu, au homa, tusingoje kesho.

Ungedhani hayo ni mambo ya kumshinda mtu? Kukiacha kitu kilichofungwa kikae kimefungwa? Mimi pia nilidhani hivyo.

Umesahau watu wa hapa, Ben, au umekaa mbali mpaka umeanza kuwaona kama malaika. Hapa kwetu mtu hawezi kusema amemwona mgonjwa kama hakuona kidonda. Akija na kilo yake ya sukari (sukari, kwa mgonjwa wa sukari!), akanywa chai, akaomba, hayo yote ni utangulizi. Anachongoja ni kufunuliwa. Akirudi kwake akaulizwa, aweze kueleza urefu na upana.

Wa kwanza walikuwa akina mama wa kanisa. Walikuja kundi zima, wakajaa sebuleni mpaka wengine wakakaa mlangoni. Wakaimba. Mpaka hapo sikuwa na neno. Kisha mwenyekiti wao akasogeza kiti karibu na mguu. "Mama Ben, hebu tuone basi. Tumetoka mbali, hatuwezi kuombea kitu hatujaona."

Nikamtazama mama nikitegemea atakataa. Mama huyo, ambaye mimi nikimgusa nywele tu ananifokea, alikuwa tayari anavuta pini ya bendeji. Wakaona. Wakasema wuui. Wakaweka mikono, Ben. Mikono iliyokuwa imesalimiana na soko zima, iliyofunga mbuzi, iliyopangusa makamasi ya wajukuu, wakaiweka pembeni ya mshono mpya na kuombea uponyaji. Mimi nilisema kwa adabu kwamba daktari amekataza. Nikajibiwa kwamba daktari ni mtu na Mungu ni Mungu.

Siku iliyofuata wakaja wengine, na baadaye wengine. Bendeji ikawa kama pazia la dirisha. Nilipompeleka dispensari siku ya kubadilisha, Sista Eunice alitazama ile bendeji iliyokunjwa vibaya, yenye vumbi ukingoni, akakunja uso.

"Nani amefungua hii? Niliwaambia ikae. Hii si sufuria ya mahindi ya muthokoi mkae mkifunua kuangalia kama imeiva. Mkifunua, joto linatoka na uchafu unaingia. Kidonda kikifunikwa kinajitengeneza chenyewe, hakitaki msaidizi."

Mama akasema ndiyo sista, nimeelewa sista. Tuliporudi nyumbani tulimkuta Muthama, jirani yetu, ameketi chini ya veranda akitungoja, na kopo mkononi. Unamjua Muthama, hakuna ugonjwa usio na jani lake. Alikuwa amekamua utomvu wa kiluma, ule mshubiri wa pale kwenye ua wake ambapo kuku wake hulala. Akasema hii haina kemikali. Nilimkatalia. Nilimwambia hata maji ya mtungini hayana kemikali lakini sijamwagia mama kwenye mshono. Akaondoka akinung'unika kwamba nimesoma nikapotea, na unajua shule yenyewe niliiacha wapi. Baadaye niligundua kwamba aliliacha lile kopo kwa mama kupitia dirishani, na mama akapaka kidogo ili asimvunje moyo jirani. Ndivyo alivyoniambia, asimvunje moyo jirani.

Sasa nakuja kwako, kwa hiyo usianze kumcheka Muthama.

Mwaka uliopita ulimtumia mama simu nzuri, na tulikushukuru. Tangu siku ya upasuaji ukaanza kupiga kila jioni, video. Najua hukufanya kwa ubaya. Lakini tuseme ukweli jinsi ilivyokuwa. Hapa nyumbani mtandao hushika mahali pamoja tu, pale nje karibu na ghala, ambapo upepo wote wa Matinyani hukutania. Kwa hiyo kila jioni mama alitolewa nje, akaketishwa pale kwenye vumbi, mguu juu ya kigoda, na mimi nimeshika simu. Nawe ukawa daktari.

"Leta karibu kidogo. Hapana, juu. Toa hiyo kitambaa yote, sioni poa."

Mara picha ikwame. Wewe umegandia huko mdomo wazi, mimi nimegandia huku na bendeji mkononi, kidonda kinapigwa na upepo, kuku wanapita, tunangoja mtandao urudi ili Bwana Leeds aone. Mtandao ukirudi unasema hukuona vizuri, turudie. Nilipokuambia Sista amekataza, ulinijibu kwamba wewe ni mtoto wake pia na una haki ya kumwona mama yako. Nikakubali shingo upande, maana nilijua nikikataa nitaambiwa nimemteka mama. Na bado nimeambiwa.

Halafu ukaweka picha kwenye grupu. Hapo ndipo kila mtu alipopata shahada ya udaktari. Anko Munyao, akiwa kwake mjini Wote, hajaja hata siku moja kumwona mke wa marehemu kaka yake, akatuma sauti ndefu. "Fungueni hiyo kitu ipumue! Kidonda ikifungiwa inaoza. Sisi tulikuwa tunaumia porini na tunapona." Shangazi akasema ipakwe spiriti. Mwingine akasema vifunguliwe vile vidonge vya rangi mbili, unga wake unyunyiziwe juu. Na wewe, ambaye ningetegemea uwanyamazishe, ukaandika kwamba hata wewe unaona kihewa kidogo hakiwezi kudhuru.

Ben, nikuulize swali moja tu. Huko kazini, ukienda kubadilisha kidonda cha mzee wa watu, si unavaa glavu? Si ulituambia mwenyewe kwamba mnaosha mikono mpaka ngozi inapasuka, na kwamba mwenzako alipewa onyo kwa kugusa bendeji bila kunawa? Mzee wa watu ananawiwa mikono, mama yako anapigwa upepo wa ghalani. Niliandika hayo kwenye grupu nikayafuta, nikaona nitakuaibisha. Leo siyafuti.

Basi kidonda kikafanya kile tulichoambiwa kitafanya. Mama alianza kukaa mbali nami kidogo, akivuta leso juu ya mguu nikikaribia. Alisema anasikia baridi, katika joto hili. Chakula akakiacha nusu. Nilimgusa shavu nikakuta linawaka. Nilipovuta ile leso kwa nguvu, harufu ilinifikia kabla ya kuona. Mguu ulikuwa umevimba, umekuwa mwekundu kuteremka karibu na kifundo, na mshono wangu mzuri ule niliousifu ulikuwa unavuja usaha kati ya nyuzi. Alikuwa amejua kwa siku kadhaa akanyamaza. Ananiambia hakutaka kunisumbua kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Nilipiga kelele, Ben. Majirani walidhani amefariki.

Muthama ndiye aliyetafuta gari, lazima nimpe haki yake. Tulifika Kitui mama akiweweseka, akimwita baba. Walikata nyuzi zote, wakafungua kidonda, wakakiosha hadi ndani, na safari hii hakukuwa na kucheka juu ya mshono. Sukari ilikuwa imepanda sana. Wakamlaza, wakamchoma dawa za mishipani. Daktari yule yule alinitoa nje ukumbini akanieleza pole pole, kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyonitia hofu. Alisema sasa hakishonwi tena. Kinaachwa wazi, kinajazwa shashi safi kila siku, kipone kutoka chini kuja juu, na hiyo huchukua muda. Alisema usaha ukirudi na kufika kwenye mfupa, kwa mtu mwenye sukari kama mama, hatazungumza nami tena habari ya kidonda. Atazungumza nami habari ya mguu. Sikuuliza atazungumza nini. Nilielewa.

Hilo sikukuambia wakati ule. Nilikuambia tu amelazwa kidogo na anaendelea vizuri, kwa sababu ulikuwa mbali na sikutaka ulie kwenye basi. Leo nakuambia.

Tuliporudi nyumbani nikageuka askari. Niliweka beseni, jagi na sabuni mlangoni. Anayetaka kumsalimia mama anawe, aketi kule kwenye viti vya mbali, aombe kutoka kule kule, Mungu anasikia. Mguu hauonyeshwi mtu yeyote. Bendeji anaigusa Sista Eunice peke yake, na kila siku nampeleka kwa pikipiki, mguu umefungwa mfuko safi kwa ajili ya vumbi. Kuku nimewajengea kibanda. Wapo waliochukia. Mwenyekiti wa akina mama alinawa huku akinitazama kama mtu anayenawishwa na polisi, na kanisani nasikia inasemwa kwamba nimekuwa na kiburi, na kwamba labda mguu umekatwa tayari ndiyo maana sitaki uonekane. Nilitaka kwenda kuwaonyesha! Ndipo nikakumbuka kwamba hilo ndilo wanalotaka.

Kwenye grupu niliandika kwamba hakuna video ya kidonda tena mpaka daktari aseme. Uliona. Uliweka kidole gumba. Ndiyo maana sikuelewa mambo yaliyofuata.

Kila nikimpeleka mama dispensari, Sista anakuta bendeji imelegea. Mara imefungwa kwa fundo ambalo si lake. Mara kuna chembe ya mchanga ndani. Akaniuliza, nikaapa kwamba hakuna aliyeigusa. Nikawashuku kuku, nikawashuku wajukuu wa jirani. Nikamshuku Muthama, nikaenda mpaka kwake nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mbele ya mkewe, na yule mzee akaapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba hajakanyaga kwetu bila kunawa. Alikuwa anasema kweli. Deni hilo la kuomba msamaha bado ninalo.

Juzi Jumanne, jioni, nilikwenda kuchota maji. Bomba lilikuwa kavu nikarudi mapema. Nikamkuta mama pale nje karibu na ghala, peke yake. Alikuwa amejikokota mwenyewe. Simu ameiegemeza kwenye jiwe, bendeji ameishusha yote imelala mavumbini, shashi ameitoa, na mguu ameunyoosha mbele ya simu. Simu yenyewe ilikuwa haijalia. Alikuwa anakungoja wewe upige, na amekwisha kujitayarisha.

Nikapiga kelele. "Mwaitu! Mama! Unafanya nini?"

Hakushtuka. Alinitazama kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye kopo la asali, halafu akaangalia chini. "Usinigombeze, Mutindi. Ben ataita saa hii. Ataniuliza mguu, nimwonyeshe."

Nikamwambia daktari amekataza, Sista amekataza, na mimi nimekataza, na Ben anajua. Nikamuuliza kama anataka kukatwa. Akaitazama ile simu pale jiweni. Kisha akasema maneno ambayo tangu Jumanne hayajaniacha nile wala nilale vizuri.

"Na hii mguu ikipona, Ben ataniuliza nini?"

Nikakaa chini pale pale, na ndoo yangu tupu. Akaendelea taratibu, bila kulia, kama anayenieleza bei ya mahindi. "Mbeleni alikuwa anaita Krismasi. Pasaka akikumbuka. Tangu nipasuliwe anaita kila siku, naona uso wake, naona mtoto. Hii mguu hainiumi vile simu inaniuma ikinyamaza."

Basi ndiyo hayo, mdogo wangu. Si upepo peke yake, si kiluma, si mikono ya akina mama. Mama yetu anakifungua kidonda chake mwenyewe ili kupona kwake kusikufukuze.

Nilinawa mikono nikamfunika kwa kitambaa safi nilichopiga pasi, nikampandisha pikipiki mpaka kwa Sista. Aliosha upya, akachukua muda mrefu. Hakutugombeza, alinitazama tu. Nikarudi nyumbani nikazima simu zote mbili. Na nilikasirika, Ben, nilikasirika nikakosa wa kumkasirikia. Yeye? Amezaa watoto, amewasomesha kwa ndengu na mbuzi, na sasa anauza mguu wake ili aone uso wa mmoja. Wewe? Unafanya kazi mchana na usiku na kila shilingi unaikumbuka nyumbani, siwezi kusema umetutupa. Lakini nitakuambia na linalonichoma mimi, nisije nikalifia moyoni. Mimi niko hapa. Namwogesha, nampikia, nambeba. Hajawahi kunifunulia hata kidole ili nisiondoke. Mtoto wa karibu haonekani, nadhani. Sasa nimesema, nimemaliza, usinijibu juu ya hilo.

Jumatatu tunarudi Kitui. Daktari atatazama kama kidonda kimeanza kujaa kutoka chini. Sista anasema Jumanne kilikuwa kimeanza, nyama ilikuwa nyekundu na safi, mpaka mchanga ulipoingia. Anasema bado tuna nafasi nzuri, mradi kisiguswe. Mimi naweza kuzuia akina mama, Muthama na kuku. Mama mwenyewe siwezi kumzuia. Siwezi kumfunga mikono. Hiyo kazi ni yako, na unaweza kuifanya ukiwa huko huko, tena haina gharama.

Mpigie kila siku kama ulivyokuwa unapiga. Usipunguze hata siku moja. Ila mguu usiuulize. Ukitaka habari zake niulize mimi kwa meseji, nitakuambia kweli tupu, hata mbaya. Yeye muulize mbuzi mweupe amezaa lini na wale mapacha nani amewapa majina. Muulize muthokoi hupikwaje, mwambie Wanjiro anataka kujifunza, ataongea mpaka bando iishe. Muulize kuhusu baba, jinsi walivyooana, mambo tuliyokuwa tunaona haya kuuliza. Mlalamikie bosi wako, akushauri vibaya. Mwache akugombeze kwa kukonda. Mpe mtoto amwimbie. Na kidonda kikifunga, siku ile nitakayokuambia kimefunga, mpigie siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Hizo siku za baadaye ndizo atakazokuwa anazihesabu kimya kimya, na ukikosa, mimi nitajua atakachokuwa anafikiria akiutazama mguu wake mzima.

Kwenye grupu waambie Anko Munyao na wenzake waache dawa zao. Wewe watakusikia, uko ng'ambo. Mwambie Anko njia ya kutoka Wote kuja hapa ipo, na mlangoni kuna sabuni.

Sisemi uje. Najua mambo ya kazi na makaratasi ya huko si mchezo. Lakini sisemi pia usije.

Nimempa Musyimi ndengu za msimu uliopita, mama amezichagua mwenyewe moja moja akiwa ameinua mguu. Nisalimie Wanjiro sana, mwambie mambo haya asiyachukue kwa ubaya, mimi hukasirika kwa sauti. Busu binti yenu kwa ajili ya bibi yake. Akina mama wa kanisa, pamoja na vituko vyao vyote, wanawasalimu. Muthama naye anawasalimu, au atawasalimu nikishamwomba msamaha. Mungu awafunike huko mliko, na atufunike sisi huku pamoja na hiki kidonda.

Simu ya mama nitamrudishia Jumapili, tukitoka kanisani. Nimemwahidi utapiga. Najua atakachofanya, atakuinulia mguu kabla hata hujasalimia. Mwambie aushushe, Ben. Mwambie unataka kumwona uso.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia,

Mutindi.